Kuisaka shilingi ya mtoto katika bajeti ya kaunti: mwongozo kwa watu wa Lamu

Bajeti ya Kaunti ya Lamu haina idara ya watoto. Ina idara ya elimu, ya afya, ya maji na nyinginezo, na pesa za mtoto zimetawanywa humo kote. Mshahara wa mwalimu wa chekechea uko ukurasa huu, dawa ziko ukurasa ule, na petroli ya boti inayopeleka chanjo Kiwayu mara nyingi imechanganywa na petroli ya magari ya ofisini chini ya fungu moja la mafuta. Ndiyo maana mtu anaweza kuketi kikaoni, akasikia kwamba elimu mwaka huu imetengewa mamilioni kadha wa kadha, akapiga makofi, kumbe nusu ya hayo mamilioni ni basari za vijana wa sekondari na vyuo, na mtoto wa miaka minne kule Ndau hakuongezewa hata meza.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mwalimu, mhudumu wa afya ya jamii, mjumbe wa kamati ya zahanati, imamu au mchungaji, na yeyote mwenye mtoto au mjukuu. Si lazima uwe mhasibu. Unahitaji simu yenye intaneti, kikokotoo, daftari la mistari na watu wawili watatu wa kukaa nao. Nyaraka zenyewe zimeandikwa kwa Kiingereza, tena kigumu, kwa hiyo mmoja wenu awe kijana aliyemaliza sekondari majuzi na asiyeogopa kurasa 200.

Nitatanguliza jambo ambalo mengine yote yanalitegemea. Pesa za watoto hazipotei sana siku ya kupitisha bajeti. Hupotea kabla yake, pale viwango vya kila idara vinapopangwa, na hupotea baada yake, pale fedha zinapochelewa kutoka Nairobi na bajeti ya ziada, ile inayorekebisha iliyokwisha kupitishwa, ikaanza kukata. Sisi wananchi huja kupiga kelele katikati, wakati mlango umeshafungwa. Kwa hiyo nusu ya kazi ni kujua hesabu, na nusu ya pili ni kujua tarehe.

Hatua ya 1: Jua nani anadaiwa nini

Kabla ya kumlaumu mwakilishi wadi, tazama Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Kaunti imepewa elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Imepewa pia hospitali na zahanati zake, gari au boti ya wagonjwa, afya ya msingi na maji. Shule ya msingi na sekondari ni za serikali kuu. Ile ruzuku ya shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi hutoka Nairobi, haipiti kwa gavana. Idara ya Huduma za Watoto ni ya serikali kuu pia, na hata zile shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii kwa familia zinazolea mayatima hutoka huko.

Ukilichanganya hili utapoteza siku nzima. Mtu akisimama kikaoni kulalamikia paa la shule ya msingi, afisa wa kaunti atamjibu kwa upole kwamba hilo si lake, na atakuwa amesema kweli. Paa hilo ni la serikali kuu, na mara nyingi hujengwa kwa mfuko wa eneo bunge. Paa la chekechea, hata likiwa ndani ya ua huohuo wa shule, ni la kaunti.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, lishe, makao na matibabu. Kitaje mara moja kwenye barua yako kisha endelea na hesabu. Nimesikia watu wakisoma Katiba kikaoni kwa dakika kumi, na maafisa hawakuandika neno.

Hatua ya 2: Bandika kalenda ukutani

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kwisha 30 Juni. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe ambazo kaunti haina ruhusa ya kuzichezea.

Kufikia 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata (faili yake huitwa ADP) uwe umefika bunge la kaunti. Mradi usiotajwa humu una kazi ngumu ya kuingia baadaye. Kufikia 30 Septemba hutoka taarifa ya kutazama nyuma, yaani CBROP, inayoeleza mwaka uliopita ulikwendaje. Kufikia 28 Februari waraka wa mkakati wa fedha, CFSP, hupelekwa bungeni, na bunge lina siku 14 kuujadili. Makadirio yenyewe hufika bungeni kufikia 30 Aprili, na hupitishwa kabla ya 30 Juni.

Sasa sikiliza vizuri. Waraka wa Februari ndio unaoweka kiwango cha juu cha kila idara. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinasema kwamba wakati wa kupitisha makadirio, wabunge wa kaunti hawawezi kuongeza wala kupunguza fungu la idara kwa zaidi ya asilimia 1 ya kiwango chake. Asilimia moja! Idara ikiwa na shilingi milioni 300, ukija Mei na hoja nzuri kuliko zote, mwakilishi wadi wako anaweza kukuongezea milioni 3 tu. Ukija Januari, kabla ya CFSP kufungwa, mjadala bado ni wa fungu zima. Watu wengi wa kwetu hujaa kwenye vikao vya Mei, na vile vya Januari na Februari hubaki na viti vitupu.

Kuna pia jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti, lililoundwa na kifungu cha 137 cha sheria hiyohiyo. Gavana ndiye mwenyekiti, na wajumbe wasio maafisa wanawakilisha wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na taasisi za dini. Mtoto hana kiti hapo. Mtafute aliyekaa kwa niaba ya wanawake au ya taasisi za dini, umpe karatasi yako mkononi kabla hawajakutana.

Hatua ya 3: Kusanya nyaraka

Unazohitaji ni: makadirio yaliyopitishwa ya miaka mitatu mfululizo, pamoja na bajeti za ziada za miaka hiyo; CFSP ya karibuni; ripoti za Mdhibiti wa Bajeti kuhusu utekelezaji wa bajeti za kaunti; na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu Lamu. Ripoti za Mdhibiti na za Mkaguzi hupatikana bure kwenye tovuti zao. Ile ya Mdhibiti ni kubwa, inabeba kaunti zote 47 kwa mpangilio wa alfabeti. Usiisome yote: sura ya Lamu iko kati ya Laikipia na Machakos.

Makadirio ya kaunti yenyewe wakati mwingine hayaonekani mtandaoni, au utakuta rasimu badala ya iliyopitishwa. Hapo andika barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili, huulizwi unataka habari ya nini, na hulipi kitu kuleta ombi. Malipo ni ya kutoa nakala tu. Barua yenyewe ni fupi:

*Kwa Katibu wa Kaunti, Kaunti ya Lamu, Mokowe.*

*YAH: OMBI LA HABARI CHINI YA SHERIA YA UPATIKANAJI WA HABARI YA 2016*

*Mimi ni raia wa Kenya na mkazi wa wadi ya (taja). Naomba nakala za: (a) makadirio ya bajeti yaliyopitishwa na bunge la kaunti kwa mwaka wa fedha (taja), pamoja na bajeti zote za ziada za mwaka huo; (b) orodha ya miradi ya chekechea na ya zahanati katika wadi hii, ikionyesha jina la mradi, mkandarasi, kiasi cha mkataba na kiasi kilicholipwa kufikia tarehe ya barua hii. Naomba nipewe kwa barua pepe au nakala ya karatasi. Anwani na simu yangu ni hizi hapa chini.*

*Sahihi na tarehe.*

Peleka nakala mbili, urudi na moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Huo muhuri ndio saa yako. Ofisi ina siku 21 za kukujibu, na inaweza kuongeza siku zisizozidi 14 mara moja tu, kama ulichoomba ni kingi. Siku zikipita kimya, sheria inahesabu kwamba umekataliwa, na una siku 30 za kwenda Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama ofisi ya Ombudsman. Kwa asiyejua kuandika, afisa anatakiwa kuliandika ombi analoambiwa kwa mdomo.

Hatua ya 4: Vuna mistari ya watoto

Hapa ndipo penye kazi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, basi fungua daftari au Excel ya simu, uweke safu hizi: ukurasa, idara, jina la fungu, namba ya fungu, matumizi ya kawaida (kama mishahara na uendeshaji) au ya maendeleo (kama ujenzi), na kiasi cha kila mwaka katika ile mitatu. Safu ya ukurasa usiiruke hata kidogo. Utaiona faida yake ukifika kikaoni.

Kisha pita idara kwa idara. Anza na elimu. Tenga chekechea na vyuo vya ufundi, na basari iwe na safu yake peke yake. Basari ni jambo jema kwa aliyeipata, lakini inamfaa kijana wa sekondari au chuo, ambao si jukumu la kaunti kikatiba, na inapendwa na wanasiasa kwa kuwa hundi hukabidhiwa mbele ya kamera. Chekechea haina kamera. Ukiacha basari ndani ya jumla ya elimu, utafikiri watoto wadogo wanahudumiwa.

Upande wa afya, tafuta programu ya huduma za kinga na afya ya msingi, maana ndimo zilimo chanjo, lishe, kliniki ya wajawazito na watoto, na zahanati. Chanjo zenyewe hununuliwa na serikali kuu pamoja na wafadhili, lakini kuzifikisha ni kazi ya kaunti: jokofu, umeme au sola, boti, petroli, na posho ya muuguzi. Kwa kaunti yenye visiwa kama yetu, mstari mdogo wa petroli una uzito kuliko unavyoonekana. Ukikatwa Amu, watu wa Amu hawatajua, kwa sababu hospitali ya King Fahd wanaiendea kwa miguu. Watakaojua ni Kiwayu na Ndau, ambako muuguzi wa chanjo ya nje, yaani ya kuwafuata watoto vijijini, hawezi kufika bila chombo. Kwa hiyo uliza petroli ya boti itengwe na ya magari, iwe na mstari wake. Kwa mtu wa hazina ni badiliko la dakika mbili, na bila hilo hakuna awezaye kujua boti ilisafiri au haikusafiri.

Maji nayo hugusa watoto, ingawa si wao peke yao. Ukarabati wa jabia (birika la maji ya mvua) Pate au Faza unawafaa wote. Kuna wachambuzi wanaopiga mafungu kama haya kwa sehemu ya watoto katika idadi ya watu, wakapata jumla kubwa ya "fedha za watoto". Mimi siipendi njia hiyo kwa kazi ya wadi. Ukianza kuhesabu robo ya barabara na theluthi ya kisima, serikali itakushukuru kwa kuionyesha mkarimu, na utashindwa kueleza hesabu yako kwa mama aliyekaa mbele yako. Weka makundi mawili: yanayomlenga mtoto moja kwa moja, na yanayomgusa. La kwanza ndilo la kupigania. La pili lichukue jabia au tangi lililo shuleni au zahanati, basi.

Mishahara itakusumbua. Kaunti nyingine huweka mishahara ya walimu wa chekechea chini ya idara ya utumishi wa umma badala ya elimu, na mwaka unaofuata huihamisha. Ukiona fungu la elimu limeruka au limeporomoka ghafla, usikimbilie kuandika "ongezeko kubwa". Tazama kwanza kama mishahara imehamishwa. Namba za mafungu ni msaada hapa, kwa kuwa ni zilezile nchi nzima: 2110100 ni mishahara ya waajiriwa wa kudumu, 2210300 ni safari za ndani na posho zake, 2210400 ni safari za nje, 2210800 ni chai, vikao na ukarimu. Jumlisha hizo tatu za mwisho ndani ya idara ya elimu, kisha uweke jumla yake kando ya fungu la vifaa vya kuchezea na kusomea vya chekechea. Usiongeze maelezo yoyote. Namba mbili zikikaa jirani zinasema zenyewe.

Ujanja wa mwisho wa kuvuna: tafuta jina la kijiji chako katika faili zote tatu za miaka mitatu. Mara nyingi "ujenzi wa darasa la chekechea" mahali fulani hurudi mwaka hadi mwaka kwa jina lilelile. Inaweza kuwa awamu ya pili, inaweza kuwa deni la mkandarasi linalolipwa, inaweza kuwa mradi uliotengewa pesa mara tatu na haujachimbiwa msingi. Na kumbuka majina yetu huandikwa kila mtu apendavyo. Tafuta Mbwajumwali na Mbwajumali, Tchundwa na Chundwa, Shella na Shela, maana kompyuta haijui kwamba ni kijiji kimoja.

Hatua ya 5: Piga hesabu tatu

Namba za hapa nimezitunga kwa ajili ya zoezi, si za Lamu.

Tuseme chekechea ilipewa shilingi milioni 60 mwaka jana, mwaka huu ikapewa milioni 63. Tangazo litasema imeongezwa asilimia 5. Lakini bei za vitu zimepanda asilimia 6. Gawa 63 kwa 1.06, unapata milioni 59.4. Kwa thamani ya mwaka jana, pesa zimepungua. Kiwango cha kupanda kwa bei hutolewa kila mwezi na Shirika la Takwimu la Taifa.

Hesabu ya pili ni kwa kila mtoto. Mwaka jana walikuwa watoto 10,000, sawa na shilingi 6,000 kwa kila mmoja. Mwaka huu ni 10,300. Gawa 59.4, unapata takriban 5,770. Hapo una sentensi ya kusema kikaoni: kila mtoto amepunguziwa zaidi ya shilingi 200.

Ila uchague vizuri watoto gani unaowagawia. Ukigawa kwa walioandikishwa, umewafuta walio nje. Wadi ya Basuba ni mfano wetu wa karibu. Shule zake zilifungwa kwa miaka baada ya hali ya usalama kuharibika mwaka 2014, na watoto wa Kiaweer (Waboni) walikaa bila darasa. Kwenye hesabu ya walioandikishwa, shule iliyofungwa haina mtoto, na palipo sifuri hapaombewi pesa. Tumia idadi ya watoto ya sensa ya 2019, ambayo iliikuta Lamu na watu 143,920. Jedwali la umri na jinsia liko katika juzuu ya tatu. Weka namba zote mbili, za sensa na za uandikishaji, kisha uliza kuhusu pengo lililopo kati yake.

Ya tatu ni kwa wadi. Tunazo wadi kumi: Faza, Kiunga na Basuba upande wa Lamu Mashariki, Shella, Mkomani, Hindi, Mkunumbi, Hongwe, Witu na Bahari upande wa Magharibi. Jumlisha miradi ya chekechea na zahanati ya kila wadi kwa miaka mitatu. Usitarajie mgao sawa, wala usiudai. Kusafirisha saruji hadi Kiunga ni gharama nyingine kabisa na kuishusha Mpeketoni, kwa hiyo darasa lilelile litakuwa ghali zaidi kule. Anayetaka usawa wa shilingi kwa shilingi, bila kujua, anawapunja watu wa mbali.

Hatua ya 6: Iliyopitishwa, iliyotolewa, iliyotumika

Wengi wetu huishia bajeti iliyopitishwa, na hiyo ni ahadi tu. Lamu inategemea sana mgao kutoka serikali kuu, na kwenye mgawanyo wa kaunti zote 47 yetu ndiyo hupata kiasi kidogo kabisa: katika mwaka wa 2021/22, kati ya shilingi bilioni 370 za kaunti zote, Lamu ilipata kama bilioni 3.1. Mgao huo ukichelewa miezi miwili, mishahara hulipwa kwanza pesa zikifika. Madarasa na vifaa hungoja, na mwezi wa Juni ukifika bado vinangoja.

Kuna na ugonjwa wa makadirio ya mapato ya ndani. Bajeti lazima isawazike, kwa hiyo ikizidi mapato, njia rahisi ni kupandisha matarajio ya ushuru na ada mpaka hesabu ikubali. Linganisha lengo la mwaka huu na kilichokusanywa kweli miaka miwili iliyopita. Vyote vimo katika ripoti ya Mdhibiti. Kama lengo limepaa na makusanyo yako palepale, tambua kwamba sehemu ya bajeti hiyo ni hewa, na itakapopasuka wa kwanza kukatwa ni maendeleo. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ziende kwenye maendeleo, lakini kutenga asilimia 30 na kutumia asilimia 30 ni mambo mawili.

Kwa hiyo ongeza safu nne kwenye daftari: iliyopitishwa Juni, iliyobaki baada ya bajeti ya ziada, fedha zilizotolewa, na zilizotumika. Tuendelee na namba zetu za zoezi. Chekechea ilipitishiwa milioni 63. Bajeti ya ziada ikaishusha hadi 48. Zikatolewa 30, zikatumika 29.

Katika ripoti ya Mdhibiti utakuta asilimia mbili zikikaa bega kwa bega. Moja inalinganisha matumizi na fedha zilizotolewa: 29 kwa 30, karibu asilimia 97. Nyingine inalinganisha matumizi na bajeti: 29 kwa 48, asilimia 60. Afisa akitaka kujisifu atasoma ya kwanza. Na hata hiyo ya pili ina hila, kwa sababu 48 si kile mlichoahidiwa. Ukirudi kwenye 63 ya Juni, kilichomfikia mtoto ni asilimia 46. Hiyo huikuti ripotini. Ni lazima uipige mwenyewe, na ndiyo sababu nilikwambia utafute bajeti ya awali na ya ziada pamoja.

Bajeti ya ziada, kwa kweli, ndiyo ya kuichunga kuliko zote. Hupita haraka, mara nyingi mwaka wa fedha ukielekea mwisho, na watu wachache sana huhudhuria. Piga simu ofisi ya karani wa bunge la kaunti kila mwezi kuanzia Januari uulize kama imewasilishwa.

Ruzuku za masharti zisome peke yake. Denmark, kwa mfano, kwa miaka mingi imechangia uendeshaji wa zahanati na vituo vya afya vya kaunti. Fedha kama hizo zina jedwali lake kwenye ripoti ya Mdhibiti. Kama zahanati yenu inaendeshwa kwa ruzuku, anza mapema kuuliza kaunti imepanga nini siku mfadhili atakapoondoka.

Hatua ya 7: Nenda ukaone

Chagua mistari mitatu, isizidi, uende mpaka mahali. Darasa lipo? Lina mlango, choo cha kimo cha mtoto, maji? Piga picha yenye tarehe, usiwapige watoto nyuso zao. Zahanati muulize muuguzi kwa adabu ni mara ngapi mwaka huu alitoka kwenda chanjo ya nje, na kama alikosa, alikosa kwa nini. Usimtaje jina kwenye ripoti yako. Yeye ana mkubwa wake. Kisha angalia ripoti ya Mkaguzi Mkuu, ambaye hutakiwa kumaliza ukaguzi ndani ya miezi sita baada ya mwaka kufungwa. Mradi wenu ukiwa umetajwa humo kama uliokwama, kazi yako imefanywa nusu na mtu mwenye mamlaka.

Hatua ya 8: Uliza swali lenye ukurasa

Linganisha maswali mawili. Mama mmoja anasimama: "Bwana Mkurugenzi, mbona watoto wetu mmewasahau?" Jibu lake analijua kila mtu: "Mama yangu, watoto ni kipaumbele chetu, tunalishughulikia." Makofi, soda, tumekwenda nyumbani.

Mwingine anasimama: "Bwana Mkurugenzi, shikamoo. Ukurasa wa 112, vifaa vya chekechea vilipitishwa milioni 4. Ripoti ya Mdhibiti ya robo ya tatu inaonyesha sifuri. Je, pesa hazijatolewa na hazina, au zimetolewa na idara haijanunua?" Hapo hana pa kukimbilia, kwa sababu majibu ni mawili tu na kila moja lina mwenyewe. Kama hazijatolewa, utamfuata waziri wa fedha wa kaunti. Kama zimetolewa, utabaki naye huyohuyo. Sema pole pole, usimwaibishe mtu; Lamu ni ndogo, kesho mtakutana msikitini au kwenye gati ya Mokowe.

Maoni yako yaandike ukurasa mmoja, uyapeleke kwa karani wa bunge na nakala kwa mwenyekiti wa kamati ya bajeti. Omba kitu kimoja au viwili, kila kimoja kikiwa na mahali pesa zitakapotoka. Usiseme "ongezeni pesa za lishe." Sema: "Tunaomba milioni 2 zihamishwe kutoka 2210800 ya idara hiyohiyo ya afya, ukurasa wa 97, ziende kwenye mafuta ya boti ya chanjo Lamu Mashariki." Kuhamisha ndani ya idara moja hakugusi ile asilimia 1, kwa hiyo ombi la namna hii bado lina nafasi hata Mei.

Bajeti ikishapitishwa, weka alama kwenye kalenda: ripoti ya kila robo mwaka inatakiwa ndani ya mwezi mmoja baada ya robo kwisha. Ya kwanza, inayoishia Septemba, ni mwisho wa Oktoba. Hiyo hutoka wakati ADP mpya imeshafika bungeni na CFSP haijaandikwa, kwa hiyo ukiisoma mwezi wa Novemba, unayo Desemba na Januari nzima ya kuandaa ukurasa wako wa Februari.